Kikao Kimoja, Wakwe Wawili

Fundi wa mageti wa mtaani kwetu alikuwa na mkono wa kujivunia. Akichomelea bawaba yeye, geti unalisukuma kwa kidole. Kisha pombe ikamzidi, mkono ukaanza kutetemeka, na mageti yakawa yanatoka yamepinda. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilishapita huko huko, asubuhi hata uzi kwenye sindano hauingii mpaka nizimue kwanza kwa glasi moja.

Mke wake ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na kuta zetu ni jina tu. Nikamsikia akimwambia mumewe kwamba amechoka: aende kwenye kikao cha wanaoacha pombe, la sivyo yeye anachukua watoto anarudi kwa baba yake. Na huyu mwanamke hatishii nyau. Akisema kesho, ni kesho.

Fundi akaja kwangu kichwa chini, akaniuliza kama nimewahi kusikia kikao hicho kiko wapi. Alikuwa amekitafuta wiki nzima bila kuthubutu kumwuliza mtu, maana ukiuliza tu umeshajitangaza. Kumbe ufunguo wa chumba ninao mimi. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye darasa la chekechea ninalolishonea sare. Viti ni vya watoto, magoti yanakugusa kidevu, na ukutani kumechorwa bata na ng'ombe. Ukija na kiburi chako, kile kiti kinakitoa. Sharti letu ni moja: unayoyaona humu, unayaacha humu.

Alikuja kweli, amenyoa, shati limepigwa pasi. Nikafurahi, nikamsogezea kiti. Akainua macho, akamwona mzee aliyekaa chini ya picha ya bata, na mzee akamwona yeye. Alikuwa baba mkwe wake.

Mzee ni dereva mstaafu wa malori. Alikunywa miaka yote ya safari, mbali na nyumbani, na akarudi kwake mtu safi. Mkewe hajui, binti yake hajui. Kwetu tu ndiko anakosema. Mimi nilijua ni baba yake jirani yangu, lakini jamani, ningefanyaje? Nikimwambia fundi asije, nimemwanika mzee. Nikimwambia mzee asije, nimemwanika fundi. Nikanyamaza, huku nikiomba mmoja wao apate mafua.

"Shikamoo baba," fundi alisema, kwa sauti ya chini sana.

"Marahaba," mzee akaitikia, anatazama viatu vyake.

Sasa utaanzaje kusimulia mbele ya mkweo jinsi ulivyolala mtaroni huku binti yake akikutafuta? Na mzee naye aanzie wapi? Wakakaa hivyo, wanaume wazima, magoti juu. Mwisho fundi akasema ameacha jenereta inanguruma, akatoka. Jenereta hana.

Nyumbani alimwambia mkewe kikao hakimfai. Kwa nini? Hakimfai tu. Mke akaja kuniuliza mimi, nikamwambia amwulize mwenyewe, na roho iliniuma.

Jumamosi iliyofuata mzee aliishia mlangoni. Alisema yeye ni mtu mzima, atajimudu. Kijana ndiye mwenye watoto wadogo, nimwambie nafasi iko wazi. Nikaenda karakana, nikamkuta fundi amekaa juu ya mabomba, mashine imezimwa, nikampa ujumbe.

"Dada, yule ni mzazi wangu," akasema. "Nimtoe kwenye dawa yake ili nikae mimi?"

"Ameondoka mwenyewe."

"Ameondoka kwa ajili yangu. Basi siwezi."

Nilimfokea. Nilimwambia heshima yake itaua watu wawili na kuwaacha watoto wakihangaika. Akanisikiliza kwa upole, akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, na hakuja. Nikamrudia mzee, nikamwambia basi arudi yeye, kijana haji. Akasema atasubiri mpaka kijana aje. Nikamwomba mwalimu mkuu darasa siku ya pili, niwatenganishe; akasema hata hiyo Jumamosi anatupa kwa hisani. Kikao kingine karibu hapa hakuna. Nimekwenda kwa huyu nimerudi kwa yule mpaka miguu imevimba, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ambayo hakuna anayeikalia.

Jana mke wa fundi aliingia kwangu nikiwa napinda sketi. Hakutaka kukaa. Alikuwa ametoka kwa baba yake, alikokwenda kuomba chumba kwa ajili yake na watoto, na alimkuta mzee amelala kizingitini, ananuka pombe, suruali imelowa.

"Baba yangu, dada. Mtu ambaye hajawahi kuionja. Ameanzia uzeeni."

Nikaendelea kushika kitambaa.

"Mume wangu kikao kimemshinda, sawa," akasema. "Lakini baba ni msikivu. Mpeleke huko kwenu, labda yeye atakaa."

Nikamwambia nitampitia Jumamosi. Ningesema nini kingine? Akanishukuru, akanishukuru tena, akanishika mikono yote miwili, mpaka nikamwomba aniache nimalize sketi.