Nani Aligusa Kibodi

Mwaka ule nilikuwa na watoto wawili, hasira za watu sita, na kompyuta moja iliyoletwa kwetu Kabiria kwa pikapu ya kuazima. Mume wangu ni seremala. Alikuwa amemaliza makabati ya familia moja ya wazungu kule Karen, na siku wanafungasha kurudi kwao wakampa mashine waliyokuwa wanaiacha. Niliifumia kitambaa cha krosheti, televisheni ikahamishiwa pembeni, na Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa wakanichagua katibu. Haikuwa kwa akili yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta.

Sikuogopa. Shule ya upili nilijifunza kupiga taipu kwa mashine nzito ya chuma, na mwalimu aliyetembea katikati yetu na rula. Nikaona hii ya plastiki itanifanya nini?

Nusu ukurasa wa kumbukumbu za kikao cha kwanza ulitoka vizuri. Kisha neno wanawake likatokea zqnqzqke. Nikafuta, nikaandika upya polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Zqnqzqke. Nikajaribu Mwenyekiti, naye akatokea na alama ya kuuliza mahali pa herufi ya kwanza, jambo ambalo baadhi yetu tulikuwa tunalifikiria lakini hakuna aliyewahi kuliweka kwenye maandishi. Nikazima, nikawasha. Ikapona. Baada ya mistari kumi ikaugua tena.

Niligeuza kibodi nikaitikisa juu ya gazeti. Yakadondoka makombo ya biskuti. Kwangu mimi kesi ikawa imekwisha, maana katika nyumba yetu ni mtu mmoja tu aliyekula biskuti: binti yangu wa kwanza, miaka sita, ambaye akitoka shule alipenda kuchora nyumba na kuku kwenye hiyo kompyuta. Nikamwita. Nikamuuliza amebonyeza nini. Akasema hakuna.

"Basi ni nani, mtoto mchanga?"

"Ni wewe ulikuwa umekaa hapo, mami."

Nilisikia dharau. Nikampiga kofi, moja, na nikamwambia kompyuta aisahau. Hata hapo sikutosheka. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wapelekwe kuona simba Jumamosi ile, na binti yangu alikuwa amehesabu siku mpaka vikaisha vidole. Mwalimu wao alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu. Nilimkuta kwenye mfereji, akina mama wamepanga mitungi, nikamwambia mbele yao wote amfute wangu kwenye orodha, kwa sababu ni mwongo na sitaki mwongo atembezwe. Mwalimu akasema sawa. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kidumu chake kidogo.

Siku iliyofuata akiwa shuleni, kompyuta ikaandika upuzi vilevile. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema: ona, ameiharibu kabisa.

Ijumaa asubuhi nikashuka mjini, mtoto mchanga mgongoni, kompyuta mikononi nimeifunga shali kama pacha wake, na kibodi imechomoza kwenye mfuko wa nailoni. Nilipanda ghorofa nne za jengo lenye vibanda vya mafundi nikiilaani familia ya Karen, mume wangu na maseremala wote duniani. Fundi niliyeelekezwa alikuwa dada wa umri wangu, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Nikamweleza kwamba binti yangu ameingiza ugonjwa. Akaiunganisha na kioo chake, akanisogezea stuli, akaniambia niandike.

Niliandika ukurasa mzima bila kosa hata moja. Mashine ilikuwa na adabu kama mtoto wa mtu mbele ya wageni.

"Mama, hii kitu iko sawa," fundi akasema.

Nikamwambia nyumbani haiko sawa, na mimi si mwendawazimu. Hakubisha. Alinitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa ameanza kulia mgongoni.

"Nyumbani huwa unaandika ukiwa aje?"

Ilibidi niseme ukweli. Huyu mdogo alikuwa hanyonyi kwa amani mpaka nikae, na nikikaa ndipo ninapopata nafasi ya kuandika.

"Basi nyonyesha, tuone."

Kulikuwa na mwanamume amekuja kutafuta chaja. Nilipoanza kufungua vifungo aliinamia ile chaja akaisoma kama Zaburi. Nikamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, kiganja kikatokeza chini ya makalio yake, na nikaanza kuandika kwa mkono wa kulia. Mwenyekiti wetu alitaka majina yote yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa hiyo kila jina kidole cha kushoto kilinyooka kushika Shift, na dole gumba, kwa uchovu tu, likalala juu ya Alt. Jina la tatu likatoka limeharibika.

Fundi akanishika dole gumba, akaliinua juu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Ukifinya hizi mbili pamoja, inahama lugha. Hawa wenyewe wa kwanza walikuwa wanaandika Kifaransa, na herufi zao zinakaa kwingine."

Akanionyesha herufi mbili ndogo pembeni chini ya kioo: FR. Nilikuwa nimeziona. Nilidhani zinasema ni Ijumaa. Fundi alicheka mpaka akaketi, na yule wa chaja naye akacheka, bado ameinama. Kifaransa kikaondolewa kwa kubonyeza mara tatu. Nami sikufurahi. Sauti ya mtoto ilikuwa imenijaa masikioni: ni wewe ulikuwa umekaa hapo.

Kwetu mzazi haombi msamaha. Anapika chapati. Jioni ile nilikanda unga bila sikukuu wala sababu, nikampa binti yangu ya kwanza kutoka jikoni. Akala, akachukua ya pili, akatazama mlango.

"Nani anakuja?"

Chapati hazikusema kitu. Nikalazimika kusema mimi: hakuna mgeni, kompyuta niliiharibu mimi kwa mkono wangu, na yeye hakudanganya. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Mwalimu anajua?"

Tukaenda hapohapo, amenishika mkono, mafuta na yote. Mlangoni kwa mwalimu nilieleza kwa heshima kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu mashine, na nikauliza kama nafasi ya kesho bado ipo. Mwalimu akaenda kuleta daftari lake.

"Hujasema ya kofi," binti yangu akasema.

Nikasema ya kofi.

"Na hujasema mimi si mwongo."

Nikasema. Akaniambia kule mferejini nilisema kwa nguvu. Nikarudia kwa nguvu, mume wa mwalimu akatoka chumbani kuangalia kuna nini, na majirani wawili wakafungua madirisha. Mwalimu alikuwa tayari anaandika jina chini ya orodha, na binti yangu amesimama kwa ncha za vidole, anafuata kalamu herufi kwa herufi.