Chuma Hakina Pindo

Mama aliacha chai. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, maana mwanamke wa Bukavu aliyezoea vikombe viwili kila asubuhi haachi chai hivihivi. Alikuwa ameanguka akienda chooni, nyuma ya nyumba yake pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na tangu siku hiyo akawa hanywi kitu ili asiende huko mara kwa mara. Mimi nashona nguo Biwi, mjini Lilongwe. Nikamwambia aje tukae wote chumbani kwangu. Akanitazama kama nimemtukana. Wamama wa kanisa husali nyumbani kwake kila Alhamisi. Kwangu angekaa kitandani kutwa nzima akingoja nirudi.

"Mi siko muzigo," alisema. "Siku nitashindwa kwenda choo peke yangu, njo utanibeba."

Wiki iliyofuata bibi mmoja akapita mbele ya cherehani yangu na fremu ya chuma ya kutembelea, yenye miguu minne. Anaiinua, anaiweka, anapiga hatua. Niliacha gauni la mteja chini ya sindano nikamkimbilia. Nani amekutengenezea? Akanielekeza kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya maduka. Nilimshukuru kwa Kichewa, zikomo tatu mfululizo, na gauni la watu nikalisahau hadi jioni.

Jumamosi nikawa Dzaleka na utepe wangu shingoni. Nilimpima mama kama ninavyopima kila mtu: simama wima, tazama mbele. Naye kwa kujipenda kwake alivaa viatu vya Jumapili, akajinyoosha kama anapigwa picha. Nikaandika kipimo, nikaongeza vidole vitatu vya pindo. Mkono umezoea, wala sikujua kama nimeongeza.

Fundi akakata mabomba kama karatasi yangu ilivyosema. Alhamisi nikaingia kambini juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, fremu imefungwa kwa mpira nyuma yangu, nawapungia mkono hata nisiowajua. Furaha ilikuwa imenipanda kichwani.

Mama akaishika. Mabega yakapanda hadi masikioni. Mmoja wa wamama wa kanisa, waliokuwa wamekuja kusali, akauliza kwa upole kama hicho ni cha kuanikia nguo.

"We mutoto," mama akasema, "ulipima mi ao ulipima robe ya kuvaa Jumapili?"

Niliona aibu, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Chuma hakina pindo, lakini kinakatika! Nikampima upya, safari hii akiwa na kandambili, mgongo wake ulivyo, mikono ikining'inia, kutoka kifundo cha mkono hadi chini. Jirani anayetengeneza baiskeli akaleta msumeno, akaipunguza miguu yote minne na kuivisha raba za tairi kuukuu. Wakati huo mimi na wamama tulibomoa ngazi ya mlangoni, tukashindilia udongo na vipande vya matofali hadi pakawa na mteremko laini. Kiti cha plastiki nilichokitoboa katikati tukakiweka juu ya tundu la choo, tukakitikisa kwa zamu, hakikuyumba. Sala ya siku hiyo ilichelewa, na hakuna aliyelalamika.

Saa sita mchana mama akatoka. Akainua, akaweka, akapiga hatua. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko. Akanikatalia kwa jicho. Akateremka mlangoni, akazunguka ukuta, hatukumwona tena. Tulisimama tukisikiliza. Wamama wawili walikuwa wameshikana mikono.

Kisha tukasikia raba zikigusa udongo, polepole, zinakuja. Mama akapanda mteremko, akaingia, akaketi, jasho usoni, fremu karibu naye.

"Munitiliye chai," akasema.

Nikammiminia nusu kikombe, nikidhani bado anaogopa kunywa. Akakitazama, akanirudishia.

"Jaza," alisema. "Na birika ibakiye hapa."