Nilimfundisha Mgeni Kusema "Ndatinya"

Nina kosa, na sitaki pole ya mtu. Najua tabia zenu. Mtu akileta habari yake hapa mnaanza kumfariji, mara "dada jipe moyo", mara "yote hupita". Kaeni nazo. Someni mpaka mwisho halafu mnitukane, maana nimestahili.

Mwaka 2013 nilikuwa chuoni Kasulu nasomea ualimu. Kwetu ni Kibondo. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa watoto wadogo, mimi nikazaliwa hapahapa Tanzania, na uraia tunao. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonijaza chuki, ingawa halinipunguzii kosa hata kidogo.

Muhula ule alikuja msichana wa Kijerumani, nitamwita Lena. Chuo cha kwao kilimtuma aje kujifunza Kiswahili na kufanya mazoezi ya kufundisha, kisha arudi kwao amalizie masomo. Mimi nikapewa kazi ya kuwa mwenyeji wake kwa sababu Kiingereza nilikuwa nakijua kidogo na domo ninalo.

Lena alikuwa hali nyama. Hali nyama, hali samaki, hali dagaa, hata supu ya kuku akiumwa haonji. Si dini wala ugonjwa. Aliamua mwenyewe akiwa mtoto, baada ya kuona ng'ombe wa babu yake anachinjwa. Aliponieleza nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu nyama tulikuwa tunaiona sikukuu, halafu mwenzangu anaikataa kwa hiari yake.

Kila Jumamosi alitaka kutoka, hakuna mvua wala tope la kumzuia. Safari ya kwanza nilimpeleka sokoni Kasulu, tukaingia kwa mama lishe. Lena akauliza kwa Kiswahili chake cha darasani, "Samahani mama, una mboga?"

"Mboga zimejaa, mwanangu. Kuna kuku, kuna maini, kuna migebuka. Nikupe mboga gani?"

Lena akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. Kwao alifundishwa kwamba mboga ni majani. Nikamweleza kuwa huku mboga ni chochote cha kushushia ugali. Alicheka, akaagiza maharage ya mawese, na tangu siku hiyo akawa anauliza "mboga za majani" kwa kutamka polepole, silabi kwa silabi.

Tukaenda harusini, akawekewa firigisi kwa heshima ya ugeni, akanisogezea sahani. Tukaenda kipaimara, hivyo hivyo. Sehemu yake ilikuwa yangu. Nilinenepa muhula ule, na sikuona aibu.

Na nilikuwa namtafsiria vizuri, hilo mlishike. Nilikuwa nasema, "Mgeni wetu nyama ni mwiko kwake." Basi, inaisha. Huku mwiko kila mtu anauelewa, kuna koo ambazo kondoo hawamgusi na hakuna anayewauliza. Kwa hiyo msije mkasema sikuwa na neno la kutumia. Neno nilikuwa nalo, na nilikuwa nimelitumia kila tulikokwenda.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, nimwite Amosi, mwalimu wa shule ya msingi pale Kibondo. Kwao ni kijiji kimoja upande wa Kasanda, ukitoka Kibondo kama unaelekea Kakonko. Mama yake ni mjane. Alikuwa anauza pombe ya ndizi uani kwake, na wateja alikuwa nao kwa sababu ya usafi wake.

Siku Amosi aliponipeleka kutambulishwa, nilikuwa nje naosha vyombo, nikamsikia mama yule ndani anamwambia mwanawe, "Waha wameisha wote, mpaka ukaokote mkimbizi?" Wala hakushusha sauti. Nadhani alitaka nisikie.

Niliosha sahani zake zikang'aa, nikampa mkono wa kwaheri, nikaondoka. Moyoni nikasema, wewe mama, ipo siku.

Siku yenyewe ikaja kupitia kwa Lena. Amosi alipomwona anapenda vijiji, akasema amkaribishe kwao. Akanipa kazi moja tu: nimpigie mama yake simu nimwambie mgeni hali nyama, apike maharage. Nikasema sawa. Baadaye akaniuliza kama nimepiga, nikasema nimepiga.

Sikupiga. Nilitaka mama yule aaibike mbele ya mgeni, apike kitu kikataliwe. Nilidhani nitaishia hapo.

Ijumaa tukapanda basi kutoka Kasulu tukalala nyumbani kwetu Kibondo. Jumamosi tukaenda, na mwisho wa safari tukamalizia kwa bodaboda. Tulikuta ua umejaa majirani waliokuja kumwona mzungu. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na amechinja jogoo wake. Mezani palikuwa na ugali na yule jogoo, basi. Amosi hata hajakaa wala kuona mezani, akakimbilia barabarani kutafuta soda.

Lena alipoona bakuli akanigeukia. Siku hizo Kiswahili alikuwa anakisema, lakini jambo la heshima kama lile aliogopa kukosea, akaninong'oneza kwa Kiingereza. Akaniomba nimwambie mama anashukuru sana, ila nyama hali, asione vibaya.

Mama akauliza, "Mgeni anasema iki, anasema nini?"

Watu wote wananitazama. Nikajibu kwa neno moja: "Aratinya."

Kiha na Kirundi hapo ni kitu kimoja. Aratinya ni anaogopa. Na kwetu huku, mgeni akiogopa chakula cha mtu, hakuna anayeuliza anaogopa nini. Anaogopa sumu. Anasema mwenye nyumba ni mrozi, mtu wa kuwawekea wenzake kitu kwenye chakula.

Mama alibaki na bakuli mkononi. "Aratinya? Kwangu hapa?"

"Sijui, mama," nikasema kwa Kiha, na macho nimeyashusha kama mkwe mwema. "Labda kuna watu wamemwambia kitu."

Kulikuwa na jirani, Mama Yustina, alikuwa amekaa na kikombe cha pombe ya mama. Akakiweka chini taratibu, hakukigusa tena. Wanawake wakaanza kunong'onezana, aratinya, aratinya. Na mimi ambaye kila mahali nyama ya Lena nilikuwa naila, siku ile sikuigusa. Niliiacha palepale ipoe, kila mtu aone.

Mngeniuliza wakati ule nilijisikiaje, ningewaambia nilijisikia vizuri. Ndiyo. Nilijisikia vizuri kabisa.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Lena, kwa kupenda lugha kwake, akawa amelidaka lile neno. Akanivuta mkono. "Aratinya maana yake nini?"

"Ameshiba," nikasema.

"Na mimi nikitaka kusema nimeshiba?"

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Nasema hivi mjue kwamba hakuna aliyenisukuma. Nikamwambia, "Sema ndatinya."

Lena akainuka, akamfuata mama wa watu, akamshika mkono kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, akajipapasa tumbo huku anatabasamu. "Ndatinya, mama. Ndatinya sana."

Naogopa, mama. Naogopa sana. Maneno hayo kutoka kinywani mwa mzungu mwenyewe, mbele ya kijiji, tena anacheka.

Amosi aliporudi na soda alikuta watu wanaaga. Akauliza kulikoni, nikasema wamemchoka mzungu. Mama yake hakumwambia kitu. Nadhani aibu ilimziba mdomo.

Lena akamaliza muda wake akarudi Ulaya, ananikumbatia na kulia, ananiita dada. Mimi nikaendelea na masomo. Kule kijijini pombe ya mama ikaanza kuchachia kwenye mitungi. Wateja walikuwa wanapita njia wanasalimia kwa mbali. Kanisani akileta ndizi mbivu kwenye mnada wa mavuno, hakuna anayezinunua. Amosi alikuwa ananisimulia haya kwenye simu, ananiuliza, "Hivi siku ile palisemwa nini?" Nami namjibu, "Mimi nilitafsiri tu. Mzungu ndiye aliyesema anaogopa." Nikamtupia lawama mtu aliyeko ng'ambo ya bahari.

Halafu mtoto wa Mama Yustina akaugua homa, akafia hospitali. Madaktari walisema malaria. Nani aliwasikiliza madaktari? Watu walikuwa na ushahidi wao, mpaka mzungu aliona. Wakaenda wakakata migomba ya yule mama, shamba zima, mchana kweupe, na waliokuwa wanakata ni watu waliokunywa pombe kwake miaka yote. Wakamwambia safari nyingine hawatakuja kwa ajili ya migomba.

Alikimbia na nguo alizovaa na sufuria moja. Amosi akampangishia chumba Kibondo. Yeye aliyeniita mkimbizi. Nilipoambiwa nilitafuta ile raha ya siku ile sikuipata.

Mnadhani hapo nilisema ukweli? Sikusema. Niliogopa kumpoteza Amosi. Nilikuwa nampelekea mama yake mkaa na sabuni, ananishukuru, ananiita mwana wanje, mwanangu. Nikawa nakubali kuitwa hivyo.

Krismasi ikafika. Tumekaa na Amosi kwenye mgahawa Kibondo tunakunywa chai, simu yangu ikaita, Lena. Nikaweka sauti ya nje ili Amosi naye amsalimie. Lena anacheka huko, Kiswahili kimekuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu.

"Krismasi njema! Leo mama yangu amepika mno, tumekula, jamani, ndatinya kabisa!"

Amosi akasogeza kichwa karibu na simu. "Unaogopa nini, Lena?"

"Naogopa? Hapana. Ndatinya, nimeshiba! Si ndiyo? Dada alinifundisha pale kwa mama yako."

Nilinyoosha mkono nikate simu, akaudaka mkono wangu. Akamwuliza Lena polepole, kama mwalimu anavyomwuliza mtoto, "Na chakula cha mama, kwa nini hukula?"

"Kwa sababu sili nyama. Dada hakuwaambia?"

Amosi alimtakia sikukuu njema, akakata mwenyewe. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema, "Miezi yote hii unampelekea mama yangu sabuni." Akaacha chai yake akaondoka, na uchumba ukaishia pale mezani. Lena naye alipopiga tena kuuliza amekosea nini, sikupokea. Mpaka leo sijapokea.

Nilikwenda kijijini kusema ukweli. Nilisimama kwa Mama Yustina nikamweleza neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Yule mrozi amekupa nini uje useme haya?" Akanifungia mlango. Nikaenda nyumba ya pili na ya tatu, jibu lilelile. Uongo wangu niliusema kwa neno moja wakaubeba wote. Ukweli nimewapelekea mpaka milangoni, hakuna anayeutaka.

Mwisho nikaenda kwa mama mwenyewe. Amosi alikuwa ameshamwambia. Nilipiga magoti kwenye kile chumba nikasema yote, hata ile simu ambayo sikuipiga. Alikuwa anasonga ugali, hakuacha kusonga. Alipomaliza akapakua, na maharage kando. Kisha akamega tonge, akachovya, akala mbele yangu. Akanywa maji ya kwenye kikombe changu. Ndipo akanisogezea.

"Mama, kwangu mimi usionje," nikasema.

"Naonja kwa kila mtu. Hata mjukuu wangu akija, naonja kwanza ndiyo nampa. Anajua hivyo ndivyo watu wanavyokula."

Nikaanza kulia. Akasema, "Kusamehe sijakusamehe. Kula."

Nilikula mpaka nikamaliza, sisi wawili tu, mlango umefungwa, hakuna jirani wa kuona kwamba nimekula kwake.

Kwa hiyo wewe unayekaa katikati ya watu wasiosikilizana lugha, wakakuamini mdomo wako, kaa ukijua umeshika shingo ya mtu. Ukiwa na chuki naye mtukane usoni, kwa lugha ambayo kila aliyepo anaisikia, naye akutukane yaishe. Usimtume mgeni akutukanie huku anatabasamu.

Na wewe wa upande wa Kasanda uliyekuwepo uani siku ile, najua unasoma, habari kama hizi mnazipenda. Yule mama hajaweka kitu kwenye chakula cha mtu. Yuko Kibondo, yuko hai, bado anapika. Nenda ukale kwake, na uache mlango wazi.