Nilivyowapokea Marubani kwa Wimbo wa Jirani

Jamani, kucheka mtacheka, lakini ngojeni nimalize kwanza, maana aibu hii nimeibeba kutoka Gitega mpaka Muyinga na bado haijapoa.

Kilimani kwetu Muyinga, tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania, jina langu ni "Mtanzania". Nestor halitamkwi na mtu. Nimejenga, nimelima, baba yangu nimemzika palepale, bado Mtanzania. Sasa ikasikika kwamba marubani wawili Warundi, mama mmoja na mwenzake, wanaizunguka Afrika kwa ndege ndogo ya injini moja, wa kwanza kutoka kwetu, mabalozi wa kuwaambia watu kila nchi kwamba huku kuna amani, na watatua Gitega, na kwaya yetu ikaimbe wimbo wa taifa.

Asubuhi ile Mama Spès, anayetuanzishia nyimbo, akaamka koo limemkauka. "Nani ataanzisha?" Mi huyo, mkono juu (kiherehere changu, na pia nilijua anayeanzisha anasimama mbele, karibu na bawa). Nikajisemea, leo jirani yangu Bosco, mwanakwaya mwenzangu, atanikoma, leo ndiyo mwisho wa kuitwa Mtanzania.

Ndege ikaja. Kwanza mvumo kama wa nyuki, kisha kitu cheupe kikatoka mawinguni upande wa Giheta, kidogo jamani, unaona kabisa upepo ungekibeba, kikagusa majani, kikasimama. Utotoni kule, baba akiona ndege inapita juu alikuwa ananiambia, "Huenda ile inakwenda kwetu." Na hii imefika kwetu, na anayeshuka ni mama wa Kirundi mwenye doa la mafuta shavuni, amevuka jangwa zima na kibati kile! Nikasahau hata miguu yangu iko wapi. Bendera ikapanda, Mama Spès akanifinya: "Anza!"

Nikaanza, kwa sauti yangu yote, mkono kifuani. Wimbo wa taifa wa Tanzania.

(Msinitazame hivyo. Nimesoma shule za kule, kila asubuhi mstarini ndio huo. Mdomo ukiona bendera unajiendea wenyewe.) Ningekuwa peke yangu ingekuwa nafuu, lakini nusu ya kwaya wamekulia kule kama mimi, wakaudaka, sauti nne, safi kabisa, besi zinanguruma, mpaka mstari wa pili ndipo nikamwona mkubwa mmoja wa sherehe ameshika kichwa. Tukakatika mmoja mmoja. Nyuma nikamsikia Bosco: "Si mi nilisema! Uyu iko Mtanzania, voilà!"

Nililia, sifichi. Yule rubani akanijia, akanishika bega, akawageukia watu. "Mumuache. Kesho tunatua Dodoma, na uo wimbo mi siujui. Uyu ni mtu wetu, iko na nyimbo mbili. Haya kaka, sasa tupe wetu."

Nikauanzisha wetu, akaimba nami mpaka mwisho, na Bosco pia, nilimsikia. Baadaye rubani akaniruhusu niliguse bawa. Nilidhani litakuwa moto. Lilikuwa baridi.

Nimeapa, penye bendera mi ni wa kuitikia tu, hata makoo ya Burundi nzima yakauke. Kila asubuhi nikikamua ng'ombe nauimba wetu, nadhani na yeye ameshaukariri. Na Mtanzania siitwi tena. Bosco akiniona bondeni anapaza sauti, "Ambasaderi!" yaani balozi, "Leo unatupa wimbo gani?"

Naitika.