Ubeti wa Rukia

Nakumbuka siku moja nilisimama mbele ya wazazi wa shule nzima, pale Chumbageni, nikaimba ubeti mmoja mara sita. Naam, mara sita, mwanangu, usidhani ulimi umeteleza. Wimbo ulikuwa na beti nne, na mimi nilipewa wa tatu. Wa nne haukuimbwa siku hiyo, na sababu ni mimi. Leo hapa Mabawa wananiita Mwalimu Zena, wananiamkia njia nzima mpaka nachoka kuitikia marahaba, na wengi wanadhani ualimu wa muziki niliutamani tangu tumboni mwa mama. Wapi! Niliupata kwa aibu. Kaa kitako nikusimulie.

Shuleni kwetu alikuja mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Eliza. Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, mfupi, na kodiani yake, kinanda cha kuvuta kwa mikono, akiivaa kifuani utadhani kodiani ndiyo iliyombeba yeye. Sisi watoto wa pwani tulimcheka matamshi yake mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tulikuwa tunagombana nani ambebee kodiani. Alitulaza chali sakafuni, kila mtu na daftari juu ya tumbo, akatwambia tupumue mpaka daftari lipande. Sauti haitoki kooni, alisema, inatoka pale daftari lilipo. Mpaka leo wanafunzi wangu nawalaza hivyo hivyo, na mama zao wanakuja kulalamika kuhusu sare kuchafuka.

Mimi aliniokota bombani. Nilikuwa kwenye foleni ya maji naimba nyimbo za harusi nilizozidaka kwa mama, naye akapita na kikapu chake cha samaki. Akasimama mpaka ndoo yangu ikajaa na kumwagika. Jioni akaja nyumbani akamwambia baba, "Mzee, mwanao ana sauti."

Baba alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache. Akamjibu, "Ya kelele anayo, tunaijua." Lakini nilimwona anabana midomo asicheke.

Basi hapo kichwa kikaanza kuvimba. Kila mazoezi Zena, kila mgeni akija shuleni Zena. Wahenga hawakukosea, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilifika mahali nikadhani wenzangu thelathini waliosimama nyuma yangu wamewekwa pale wanipambe.

Katika hao thelathini alikuwamo Rukia. Rukia alikuwa mtoto wa Maramba, anakaa Chumbageni kwa shangazi yake ili asome. Mpole kupita kiasi, sauti yake ndogo lakini safi. Baba yake, Mzee Hamza, mkulima, hakuwa na imani na masomo ya mjini. Alikwisha kumwambia yule shangazi kwamba siku ya wazazi atakuja mwenyewe, na akiona mtoto anajifunza kitu atamwacha, akiona amekaa tu atarudi naye shamba. Rukia alitueleza hayo darasani huku analia. Mwalimu Eliza akakaa chini akamtungia ubeti wa mwisho, wa peke yake, ili baba yake amsikie kwa masikio yake. Kwa hiyo nilijua. Nataka ulielewe hilo, mwanangu, kwa sababu wazee wengi wakisimulia makosa yao husema hawakujua. Mimi nilijua kila kitu.

Siku ikafika. Viwanja vimefagiwa, mgeni rasmi yuko mbele na suti yake, na kina mama wa Chumbageni wamejaa na udi wao. Mzee Hamza alikuwa safu ya kwanza, amevaa kanzu iliyonyooshwa mpaka inasimama yenyewe, na mkewe pembeni yake. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nikasogea mbele.

Sasa wewe ni wa kwetu, kutunza unakujua. Mwimbaji akikukuna moyo hukai kitini ukapiga makofi tu kama mtu wa ofisini. Unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza. Sikuwa nimemaliza mstari wa pili, mama mmoja akainuka akanifunga khanga kiunoni. Vigelegele! Mwingine akanivika koja la asumini. Wa tatu khanga begani. Nikamaliza ubeti, nikaona wengine wanafungua mikoba, nikaurudia. Lo! Wakazidi. Nikaurudia tena. Mwalimu Eliza akapiga kodiani ile sauti ya kumwita Rukia aingie, mimi nikarudi mwanzo wa ubeti wangu. Akapiga mara ya pili. Nikafumba macho, nikajifanya nimezama. Akapiga mara ya tatu. Mpaka nafika mara ya sita nilikuwa nimefungwa khanga kama mzigo wa mitumba, na mgeni rasmi akatazama saa yake, akasimama, akashukuru kwaya, akaanza hotuba. Wimbo umekwisha.

Nikageuka nimwone Rukia. Alikuwa amekwisha kusogea hatua moja mbele, kama alivyofundishwa. Amesimama pale na mikono imeshikana, hajui arudi au abaki.

Watu walipotawanyika nilimsikia Mzee Hamza akimwambia shangazi, taratibu, bila hasira, "Nimemsikia mtoto wa Chumbageni, mashaallah. Wangu sikumsikia." Kesho yake asubuhi wakapanda gari la Maramba, wao na Rukia na sanduku lake.

Jumatatu nikaingia shuleni natembea kwa maringo, bado nanukia asumini. Mwalimu Eliza akaniita chumba cha muziki. Nilijua fimbo ipo, nikajikaza. Fimbo haikuwapo.

"Zena, mara tatu nimekugongea mlango kwa kodiani. Hukusikia?"

"Watu walikuwa wananitunza, mwalimu. Mcheza kwao hutunzwa."

"Kweli. Na Rukia kwao wapi, alikokuwa acheze atunzwe?"

Wallahi, mwanangu, nimepigwa fimbo nyingi katika maisha yangu, lakini ile ilikuwa kubwa kuliko zote. Yeye akavua kodiani yake, ambayo hakuruhusu mtu aiguse ila kwa kuibeba, akaniwekea mapajani. Akasema Jumamosi tunakwenda Maramba, yeye na mimi, na mimi ndiye nitakayempigia Rukia. "Kuimba, hapana. Hata kuguna, hapana. Utapiga tu."

Kodiani haifundishwi kwa siku tano. Alinionyesha sauti nne tu, zinatosha kwa ubeti ule, nikazipiga mpaka vidole vikaota malengelenge. Nilitamani fimbo, nakwambia kweli. Mwenye sauti anapenda kuonekana, na mpiga kodiani ukimfanyia kazi vizuri mwimbaji wako, watu wanamtazama yeye, wewe wanakusahau. Sikuipenda hata kidogo kazi hiyo. Baba alipoambiwa safari ile hakuuliza mengi. Aliniangalia tu akasema, "Nenda ukasafishe ulipochafua."

Jumamosi tukafika Maramba jua limepanda. Tulimkuta Rukia uani anapukuchua mahindi, ameshafunga khanga ya kazi. Aliponiona alirudisha macho kwenye gunzi lake. Mzee Hamza akatupokea kwa adabu zote, tukapewa mkeka, tukaletewa mihogo ya kuchemsha na chai. Nikampigia shikamoo, akaitikia. Nikasema yale niliyoyakariri njia nzima, kwamba nimekosa, kwamba ubeti ulikuwa wa mwanawe nikaula. Sauti yangu ile iliyofungiwa khanga ilitoka nyembamba kama uzi.

"Mimi sina ugomvi na mtoto," akasema. "Lakini mwanangu amerudi kwao, na mahindi haya hayajipukuchui."

Mwalimu Eliza akatua kikombe chini. "Mzee wangu, hatukuja kuomba. Ubeti wa mwanao ulibaki shuleni, tumekuletea."

Nikaivaa kodiani. Jasho linanitoka mpaka kwenye visigino. Rukia akaitwa, akasimama pale pale katikati ya magunzi. Nikapiga ile sauti ya kumwita. Akaanza, na neno la kwanza likamkwama. Walisikika kuku tu.

Hapo, mwanangu, ndipo maisha yangu yalipogeuka, na hakuna aliyeona. Ubeti ule niliujua wote. Ulikuwa umenifika kwenye meno. Ningeweza kuuimba vizuri, na Mzee Hamza angesifu, na Rukia angebaki na mahindi yake. Nikang'ata ulimi. Nikaivuta kodiani nikaishikilia ile sauti moja, ndefu, nikimwangalia Rukia machoni, nikimngoja. Sijui nilingoja muda gani. Pumzi ya kodiani inakaribia kuisha, na yeye tumbo lake nikaliona linapanda, kama vile lina daftari juu yake. Akaimba:

Mama jembe umeshika, nami kalamu nashika,
Jasho lililokutoka, ndilo hapa lasomeka.

Mama yake, aliyekuwa anapepeta pembeni, aliacha ungo. Akakaa chini kwenye mchanga, akajifunika uso kwa upindo wa khanga. Mzee Hamza alitazama chini, akakohoa, kisha akasema, "Rudia." Rukia akarudia. Akauliza, "Maneno hayo unaweza kuyaandika?" Mwalimu akatoa karatasi na kalamu, Rukia akaandika akiwa amepiga magoti juu ya mkeka. Mzee mwenyewe hakujua kusoma. Aliishika ile karatasi, akaitazama juu mpaka chini, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kofia yake. Kisha akamgeukia mkewe akasema, "Mtafutie sanduku lake. Jumatatu anatakiwa shuleni."

Nililia mimi kuliko Rukia, na hakuna aliyenitunza hata ua. Wala sikutaka. Nilikuwa na furaha ambayo khanga zote za Chumbageni hazikunipa. Kwenye gari tukirudi nikamwambia Mwalimu Eliza, "Mwalimu, nataka kazi yako." Akacheka mpaka abiria wakageuka. "Kazi yangu haina makofi, Zena." Nikamwambia najua, ndiyo hiyo ninayoitaka.

Usidhani ilikuwa rahisi. Nilipomaliza shule kikundi kimoja cha taarabu mjini kilinifuata nyumbani na maneno matamu, na baba alitaka nijifunze kupiga chapa nikakae ofisini penye feni. Nilimwomba Mwalimu Eliza aje anisemee. Akakataa. Alisema mtu akitaka kufundisha wengine kufungua mdomo, aanze na wake. Nikaenda mwenyewe. Baba hakula na mimi siku tatu. Siku ya nne akanunua kodiani kuukuu kwa baharia mmoja bandarini, imetoboka ubavuni, akaiziba kwa kiraka cha ngozi ya kiatu, akaiweka mlangoni mwa chumba changu. Mungu amrehemu baba yangu.

Nimefundisha Muheza, nimefundisha Mabawa. Hivi ninavyokaa hapa barazani, kijana mmoja niliyemfundisha anapuliza tarumbeta katika bendi ya polisi. Mwingine anaongoza kwaya kanisani kwao. Binti mmoja anasomesha kasida watoto wa chuo cha Kurani, na ukiwasikia siku ya maulidi mwili unasisimka. Yuko pia fundi wa kuchomelea ambaye haimbi popote ila juu ya mageti yake, na kila geti analichomelea kwa mapigo. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Rukia naye akawa bibi shamba, akarudi kwao kufundisha watu kilimo, na wanasema mkutano wake hauanzi bila wimbo. Najivuna, ndiyo. Utu uzima huu nikijivuna nani atanifunga?

Mwalimu Eliza alizeekea kwao Lushoto. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa kitandani, macho hayaoni vizuri. Nilidhani ataniuliza kama bado naimba, nikajiandaa hata kumwimbia. Yeye akanishika mkono akauliza, "Nani anaimba sasa?" Nikamtajia. Nikaanza na wa bendi, nikaja wa kwaya, nikaja wa kasida, nikataja watoto wa darasa la tatu ambao hata mama zao hawajui kama wanaimba. Nilitaja mpaka chai ikapoa. Kila jina yeye akiitikia, "Ehe, na mwingine?"

Sasa wewe umekuja kwangu na simu yako, unataka nikwambie ufanye nini ili ujulikane. Sauti unayo, nimeisikia, sitakudanganya. Lakini nasaha yangu ni hii. Jifya moja haliinjiki chungu. Ukipewa ubeti wako, uimbe kwa nguvu zako zote, kisha utoke, mwenzio aingie, hata kama watu bado wanakutaka wewe. Ukimwona mwenye sauti ndogo, usimwimbie, mngoje. Na ukipata mwalimu anayekukataza jambo unaloliweza kuliko wote, usimkimbie, kwani huenda ameona kazi yako kabla yako. Kazi ya mtu si lazima iwe ile anayopigiwa makofi. Ni ile ambayo asipoifanya kuna mtu atabaki amesimama na mikono imeshikana, na mdomo umefumba.

Nenda, mwanangu. Mola akupe pumzi ndefu na moyo mpana. Akupe wa kukufundisha, na akupe wa kufundisha. Na siku utakapokuwa mzee huwezi tena kupandisha sauti, akuletee mlangoni mtu wa kuuliza nani anaimba, na akujaalie majina mengi ya kumtajia. Amin.