Utumbo wa Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kikundi chetu kina watu wanne, na Noeli ile mmoja wao alikuwa ameachwa na mke kwa sababu ya utumbo.

Sisemi hivyo kuchekesha. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nililetwa Itiryo, wilayani Tarime, kutoka Njombe, na sina subira na watu wanaopamba mambo. Tulikuwa tunapiga muziki wa vyombo tu, bila ngoma, bila spika, bila mtu wa kuimba. Fidla mbili na selo moja tulizikuta kwenye stoo ya parokia, wamisionari wa zamani waliziacha, na kuku walikuwa wanatagia ndani ya masanduku yake. Fidla ya kwanza nilichukua mimi kwa kuwa niliwahi kujifunza kidogo chuoni. Ya pili aliichukua katekista mstaafu, mzee mpole anayepiga kila wimbo kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Muuguzi wa zahanati alikuwa na filimbi yake. Selo, ile fidla kubwa inayosimama sakafuni na kubanwa katikati ya magoti, ilimwangukia bwana mifugo wa kata, Mkurya wa hapahapa, mwenye vidole vinavyoweza kumgeuza ndama tumboni mwa mama yake.

Selo hiyo ilikosa waya mmoja, ule mnene wenye sauti ya chini kabisa. Tuliuliza Tarime mjini, tukauliza Sirari. Tukaletewa waya wa breki ya baiskeli, tukaufunga, ukalia kama breki ya baiskeli. Mwishowe mzee mmoja anayetengeneza litungu, kile kinanda cha nyuzi cha Wakurya, akamwambia bwana mifugo kwamba uzi wa maana hutoka tumboni mwa ng'ombe. Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Mwezi wa tisa wakwe zake walichinja dume kwa ajili ya ubatizo. Mkwe wa kiume huku ana adabu zake. Hampi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, anakaa mahali alipowekwa, anakula vizuri na kunyamaza. Bwana mifugo alifanya yote hayo vizuri mpaka shemeji yake alipokuja kumuuliza, kwa heshima, kama kuna kitu kimepungua.

"Naomba utumbo mwembamba," akasema. "Wote. Msiukate."

Nasikia uwanja mzima uliacha kutafuna. Kisha wakaanza kujadiliana, wengine wakisema mkwe ana njaa, wengine wakisema ni mchawi, na waliosema ana njaa walikuwa wachache. Mkewe alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimletea ule utumbo mwenyewe, ndani ya ndoo, akaiweka kwenye pikipiki.

"Baba watoto, nenda na utumbo wako," akamwambia. "Mimi nabaki kwetu."

Akaenda nao. Aliukwangua, akauloweka kwenye maji ya majivu, akausokota, akautandaza kati ya miti miwili uani kwake, na kwa siku nne alikaa chini yake na fimbo akifukuza mbwa. Uzi ukatoka. Ulipolia mara ya kwanza tulitazamana sote wanne, maana hatukuwahi kuwa na sauti nzuri namna ile kwenye kikundi. Lakini miezi mitatu ikapita na mke hakurudi. Bwana mifugo akakonda. Alikuja mazoezini na shati lisilopigwa pasi, akapiga vizuri kuliko zamani, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nafaidi huzuni ya mtu.

Wiki moja kabla ya tamasha letu la Noeli, mama mkwe akatuma ujumbe kupitia kwa katekista. Atakuja. Atakaa mbele. Anataka kusikia utumbo wa ng'ombe wake umefanya kazi gani, na baada ya hapo ndipo atasema kama binti yake atarudi.

Mgeni kama mimi angefurahi. Nilifurahi kwa dakika nzima, kabla hawajanieleza. Selo haipigwi bila kutanua magoti, na mwanamume hawezi kutanua magoti mbele ya mama mkwe wake. Haiwezekani tu. Tukafanya kikao. Apige akiwa amekaa upande, kama mwanamke aliyepakiwa kwenye baiskeli? Upinde haukufika kwenye nyuzi. Ageuke awape watu mgongo? Kumpa mama mkwe mgongo ni matusi. Nikashauri mama akae nyuma ya ukumbi. Wakanitazama kama niliyeshauri apigwe.

"Basi apigie juu ya mti!" nikafoka.

Wakalifikiria hilo. Nasema kweli, katekista alitoka nje kutazama mti.

Mwishowe muuguzi alileta shuka la bluu la zahanati, tukalitundika kwa kamba kati ya misumari miwili, na bwana mifugo akaketi nyuma yake. Mimi nilikaa pembeni kabisa, ili nimwone yeye na niwaone watu pia.

Siku ya pili ya Noeli, saa tisa alasiri, ukumbi wa kanisa ulijaa. Sijidanganyi kwamba walifuata fidla. Habari za utumbo zilikuwa zimefika kata tatu. Mama mkwe alikaa benchi la mbele, mikono mapajani, macho makavu. Tukaanza wimbo wa kwanza, na ile sauti nzito ikatoka nyuma ya shuka.

"Mura!" mzee mmoja akamwita katekista kwa sauti kubwa, kama wanavyoitana wanaume wa huku. "Hilo dume mmelifungia humo ndani kwa nini?"

"Hilo si zima," jirani yake akasema. "Lina ndigana hilo."

"Ndigana gani? Sikiliza vizuri, lina kiu."

Ukumbi ukagawanyika, wa ndigana na wa kiu, na kwa kuwa wote walikuwa wafugaji hakuna aliyekubali kushindwa. Tulimaliza wimbo bila mtu kujua tumemaliza. Mama mkwe hakutikisa hata ukope.

"Mwalimu," bwana mifugo akaninong'oneza. "Amekuja?"

Nilijua hamuulizii mama mkwe. Nilitazama mabenchi yote. Mkewe hakuwepo.

"Angalia nota zako," nikamjibu. Ukali wangu huwa unanitoka hivyo ninapomwonea mtu huruma.

Akauliza tena baada ya wimbo wa pili. Nikajifanya nakaza uzi wa fidla yangu.

Katikati ya wimbo wa tatu msichana alikuja mlangoni akihema, akamwita muuguzi. Kuna mama ameshikwa na uchungu zahanati. Muuguzi aliruka na filimbi yake mkononi, akakata kona nyuma yetu, bega lake likanasa kamba. Msumari ukang'oka. Shuka likashuka lote.

Na pale, mbele ya kata nzima, mkwe na mama mkwe wakawa uso kwa uso, na kati yao kulikuwa na magoti mawili yaliyotanuliwa na utumbo.

Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakivuta pumzi kwa pamoja. Bwana mifugo hakuweza kuinuka, maana selo ingeanguka, na hakuweza kufunga magoti, maana selo ilikuwa katikati. Mkono wake uliendelea kusukuma upinde wenyewe. Nilidhani ndoa imekwisha hapo, na nilitaka kulia.

"Tuombe!" katekista akapaza sauti.

Watu wa Itiryo wamelisikia neno hilo kutoka kwa mzee yule maisha yao yote. Vichwa vikainama, macho yakafumbwa, yote. Mama mkwe akajifunika kanga kichwani. Bwana mifugo naye akafumba, huku akipiga. Lakini sala yenyewe haikuja, kwa sababu katekista alikuwa amesharudisha fidla kidevuni, na mtu hawezi kusali na kubana fidla kwa kidevu hichohicho. Kwa hiyo wimbo ndio ukawa sala, na hakuna aliyethubutu kufumbua macho kabla ya amina. Wala hawakubishana tena. Kwa mara ya kwanza tulisikilizwa.

Mimi sikufumba. Nilikuwa nahesabu mapigo, na mtu mmoja lazima ahesabu. Ndiyo maana nilimwona. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa pembeni, na vumbi la miguuni lilionyesha hakufika sasa hivi. Macho yake yalikuwa wazi kama yangu. Alivua ndara, akaingia polepole, akaokota shuka, akasimama mbele ya mumewe akalinyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

"Amina," akasema katekista tulipofika mwisho.

Watu wakafumbua macho. Shuka lilikuwa limerudi mahali pake, na juu yake vidole vinane. Mama mkwe akajifunua kanga, akavitazama vidole vile kwa muda mrefu. Alivijua, yeye ndiye aliyevizaa.

"Katekista," akasema, akitazama ukutani. "Mwambie mtu wa huko nyuma, ng'ombe wangu namjua. Alikuwa akilia hivyohivyo jioni akitaka kurudi zizini." Akakunja kanga mapajani. "Na mwambie siku akija tena kwangu, aombe nyama."

Ukumbi ulipiga makofi na vigelegele, na wa kiu wakadai kwamba wameshinda. Katika kelele ile, mimi niliyekuwa karibu nilimsikia mke akisema nyuma ya shuka, bila kushusha mikono:

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili," mumewe akajibu.

"Pigeni upesi. Mikono inaniuma, na najua nyumbani hujafagia."

Lakini katekista hajui upesi. Alituanzishia kwa mwendo wake uleule wa maandamano, na yule mke akashika shuka nyimbo zote mbili mpaka mwisho.