Mafuta Kichwani mwa Silvère

Illuminée hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Wanaosukwa nywele kwake, pale mtaani Gitega, wanalijua hilo: atakuacha kichwa nusu, aende kuchungulia mlangoni, arudi akusuke mistari miwili, aende kupunguza moto jikoni, arudi tena. Ajabu ni kwamba mistari yake hunyooka. Mikono yake hufanya kazi bila kumuuliza mwenyewe, na ndiyo iliyomponza katika habari hii.

Miaka mitatu iliyopita mumewe, Silvère, fundi rangi, alianguka kutoka ghorofa ya pili ya nyumba aliyokuwa akiipaka rangi kule Nyarutarama. Tuseme alipona, maana hakufa. Asubuhi hufumbua macho, usiku huyafumba. Ukimlisha uji taratibu humeza. Basi. Hasemi, hageuzi shingo, na ukimfinya hakutazami. Hospitali walimwambia mkewe amrudishe nyumbani amtunze, naye akamtunza kwelikweli. Huyohuyo asiyetulia humgeuza mumewe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na kwa miaka mitatu hajapata hata kimoja. Humwogesha, humkata kucha, na kila siku ya Mungu humpaka mafuta kuanzia nyayo mpaka utosini. Illuminée alilelewa Bujumbura, na kwao mgonjwa aliyepauka ni mgonjwa asiye na mtu. Akija mgeni akimkuta Silvère anang'aa, hata asipopata kiti, ajue kwamba katika nyumba hii kuna mke.

Habari za utafiti aliletewa na muuguzi mmoja aliyekuja kusukwa. Kulikuwa na daktari, Umulisa, aliyekulia Kampala, amefungua maabara katika nyumba ya kupanga hukohuko Nyarutarama, na alikuwa akitafuta wagonjwa wa aina hii. Illuminée alikwenda, akaelezwa akiwa amesimama. Ubongo unapouamuru mkono, alisema daktari, hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo hutoka hata kama mkono hautii. Kuna kofia yenye waya na vifungo vya chuma, huvalishwa kichwani na kuunasa. Kompyuta ikishajifunza kuutambua, mtu ambaye hawezi hata kupepesa jicho ataweza kujibu ndiyo au hapana. Silvère atapimwa mara mbili. Zote mbili zikitoka kapa, nafasi yake atapewa mwingine, kwa sababu wanaongoja ni wengi.

Illuminée alicheka, akalia, akashukuru. Wifi yake, Mutesi, anayeuza mboga Niboye na kumlea Shami, binti wa Silvère, tangu ajali, alipiga magoti akasali palepale sokoni. Wote waliona furaha tu. Hawakujua kwamba tangu siku hiyo mwenzao usingizi ulimpaa.

Na mimi nitakisema kilichomkosesha usingizi, kwa kuwa yeye alichelewa kukisema. Mwezi wa saba baada ya ajali, siku ambayo maji yalikuwa yamekatika, mashuka yamechafuka mara ya tatu na mgongo unamuuma, Illuminée alikuwa akikamua kitambaa kando ya kitanda, Mutesi ameshika beseni. Akamwambia Mutesi, juu ya kichwa cha Silvère, kwamba Mungu angemchukua siku ileile aliyoanguka, angekuwa amewatendea wema wote. Silvère alikuwa ametazama dari, kama kawaida. Wakati ule Illuminée aliamini kwamba kusema mbele yake na kusema mbele ya kabati ni mamoja.

Sasa anakuja mtu na kofia ya waya kuuliza kama ndani mle kuna mwenyewe. Kama hayumo, miaka mitatu ameogesha mwili mtupu. Kama yumo, alisikia. Illuminée alitaka awemo, alimtaka kwa roho yake yote, na alikuwa anamwogopa. Mambo yote mawili yalikaa kifuani mwake kwa pamoja na hayakupatana hata siku moja.

Walipewa masharti machache. Nywele zioshwe usiku wa kuamkia kipimo, na asubuhi kichwa kisipakwe chochote. Keith, kijana wa mitambo, alishauri hata zinyolewe, ingerahisisha kazi. Illuminée alikataa katakata. Silvère alijivunia nywele zake tangu ujana, nene na nyeusi, na ndizo kitu pekee kwake kilichokuwa bado kinaendelea na maisha. Keith akaacha, ila akarudia mara tatu: mafuta hapana, maana mafuta huuzuia umeme usifike kwenye vifungo. Illuminée akaitika mara tatu.

Kipimo cha kwanza kilitoka kapa. Kwenye kompyuta ilionekana mistari imevurugika kila upande. Daktari alisema hutokea, wasikate tamaa.

Siku ya kipimo cha pili Valens, jirani mwenye teksi, alimbeba Silvère mgongoni hadi garini, na Illuminée aliongea njia nzima bila kujua anaongea nini. Walipofika Silvère alilazwa kwenye kiti cha kuegemea, akavalishwa kofia, sauti ikaanza kumwambia akaze ngumi, apumzike, akaze, apumzike. Illuminée aliambiwa akae kimya pembeni. Akakaa. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, mpaka Keith akamsihi asitikise sakafu.

Baada ya saa nzima Keith alitikisa kichwa. Aliongeza jeli chini ya vifungo, akavikandamiza, akatikisa kichwa tena. Daktari Umulisa alivuta kiti karibu na Illuminée na kumwambia kwa upole kwamba wamejitahidi, na kwamba kutoona kitu si ushahidi kwamba hakuna kitu, lakini utaratibu ni utaratibu, na ingebidi waishie hapo.

Illuminée akashusha pumzi. Kifua kilimlegea, akahisi wepesi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nyingi. Kisha akaitambua ile ahueni ni ahueni ya nini, na aibu ikamshika hadi masikioni. Alimtazama mumewe. Pale kofia ilipoishia, kwenye kipaji cha uso, ngozi ilikuwa inang'aa vizuri sana.

"Docta," akasema, "nilimupaka mafuta. Leo, na siku ile ya kwanza."

Keith alifungua mdomo, daktari akamnyamazisha kwa mkono.

"Nywele niliziosha vile mulisema. Asubuhi nikimuvalisha shati, mukono ukaenda kwenye kopo. Nikasema kidogo tu, asikuje kwa watu amepauka. Lakini nilikuwa najua."

Alisema mkono, na mkono kweli ulikwenda, mazoea ya miaka mitatu si mchezo. Lakini nani aliyeuacha uende mara mbili? Hilo alilijua, ndiyo maana hakungoja kuambiwa chochote. Aliomba beseni, maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kofia ikavuliwa. Alimwosha Silvère kichwa mara tatu, akamkausha kwa taulo, akatoa mkobani chanuo lake lenye mkia, ambalo haliachi hata akienda kanisani. Akamwambia Keith amwonyeshe vifungo vinapotua. Keith akaonyesha kwa kidole, pale, na pale, na pale, naye akagawa nywele, akasuka vimistari vyembamba vya kupita katikati, hata kila kifungo kikapata ngozi tupu ya kukalia. Ilimchukua dakika arobaini. Hakwenda dirishani hata mara moja.

Akiwa anasuka aliuliza kwa nini wanamwambia mtu akaze ngumi, kwani alikuwa bondia? Mwambieni apake ukuta. Daktari Umulisa alimtazama kidogo, akaenda kurekodi maagizo upya: kama jibu ni ndiyo, paka ukuta kwa mkono wa kulia; kama ni hapana, weka brashi chini, tulia.

Safari hii mistari kwenye kompyuta ilitulia. Kompyuta ikapewa nafasi ya kujifunza, kisha wakaanza na maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Kila swali huulizwa mara kumi, kwa sababu mashine nayo hukosea, na kila mara anaachiwa sekunde nane za kujibu. Jina lako ni Silvère? Ndiyo, mara nane kati ya kumi. Wewe ni mwanajeshi? Hapana, mara tisa. Una binti anaitwa Shami? Ndiyo, mara kumi zote.

Keith alijifuta macho kwa mkono wa fulana. Illuminée alikuwa ameshika chanuo kwa mikono miwili. Daktari alimwambia kwamba mgonjwa amebakiza nguvu ya swali moja tu leo, na akampa yeye aliulize. Watu wengi huuliza kama anaumwa, alisema, ni swali zuri.

Illuminée alisogea. Alipiga magoti ili mdomo uwe karibu na sikio.

"Papa Shami. Siku ile nilimwambia Mutesi kama Mungu angekuchukua ingekuwa vizuri. Ulinisikia?"

Sekunde nane. Daktari, ambaye sauti yake sasa ilikuwa ya chini, alimkumbusha kwamba lazima liulizwe mara kumi, na kwa maneno yaleyale.

Akauliza tena. Mara ya tatu, mara ya nne. Maneno ambayo alikuwa ameyaficha hata kwa padri, sasa alikuwa anayarudia mbele ya watu wawili wasio ndugu zake, moja baada ya jingine, bila ruhusa ya kulipunguza makali hata moja. Mara ya saba sauti ilikatika, akalazimika kulianza upya. Kati ya swali na swali alinyamaza sekunde nane, akitazama macho ya Silvère yaliyokuwa yakitazama dari.

Ndiyo, mara tisa kati ya kumi.

Hakuanguka wala hakupiga kelele. Aliomba aruhusiwe swali la pili, la kumwomba msamaha. Daktari Umulisa alikataa kwa huruma, Silvère amechoka na majibu ya mtu aliyechoka si ya kuaminika. Nafasi ni yake sasa, hakuna atakayemwondoa. Warudi Alhamisi.

Nyumbani, Valens alipokwisha kuwasaidia na kuondoka, Illuminée alileta kopo la mafuta. Alimpaka mumewe nyayo, akapanda kwenye magoti, mikono, kifua, shingo. Hapo akasimama, akafunika kopo. Kichwa kikabaki kikavu, chenye vimistari vyake, kimepauka waziwazi mbele ya yeyote atakayeingia. Majirani watasema. Waseme.

Muda wa kumgeuza ulikuwa umefika. Kwa miaka mitatu alimgeuza kama mtu anavyogeuza godoro. Leo alivuta kigoda, akakaa.

"Papa Shami, nikugeuze upande wa dirisha?"

Hapakuwa na kofia, wala waya, wala kompyuta. Akahesabu polepole hadi nane, kisha ndipo akamgeuza.

"Alhamisi nitakuuliza ile ingine," akamwambia. "Unaijua. Fikiria mpaka siku hiyo. Na kama jibu ni hapana, weka brashi chini, nitakubali."

Akarudi kwenye kigoda. Chai yake ilikuwa imepoa mezani, akainywa yote akiwa amekaa.